Ubao wa Siku Bila Ajali

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kadi ya kazi tu, na hata huko lilikuwa limeanza kufutika kwa jasho. Karakana nzima ya madawati ilimwita Siku Ngapi. Mlinzi alimwita hivyo, madereva wa malori walimwita hivyo, na siku moja mke wake, akiwa amekasirika, naye likamtoka. Baada ya hapo hakuna aliyehangaika tena na lile jingine.

Lilimjia kwa sababu ya ubao. Kila asubuhi, kabla hajavua shati la nyumbani, alichukua kipande cha chaki, akafuta namba ya jana kwa kiganja, akaandika ya leo. Wenzake waliokuwa wanaingia getini waliuliza kwa mbali, "Siku ngapi leo?" Naye akajibu kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mpira.

Ubao wenyewe ulikuja baada ya fundi wa gundi kuacha vidole viwili kwenye msumeno wa meza. Watu walitegemea msumeno utatengenezwa. Meneja akanunua ubao. Mweusi, mpana, wenye fremu nzuri kuliko dawati lolote lililowahi kutoka pale. Juu uliandikwa kwa rangi nyeupe: SIKU BILA AJALI. Chini yake nafasi ya namba. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ile sehemu ambayo kila mtu aliisoma kwanza: siku mia tatu, mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano kwa kila mfanyakazi.

Meneja huyo walimwita Tutaangalia, maana ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi. Glovu zimetoboka? Tutaangalia. Feni ya kuvuta vumbi imekufa? Tutaangalia. Kwa jinsi alivyokuwa na mambo mengi ya kuangalia, ungedhani ni mtalii.

Watu husema ajali haina kinga. Pale kinga ilikuwepo. Bati nene la kufunika meno ya msumeno, na nyuma yake ulimi wa chuma wa kuzuia mbao isirushwe kumrudia fundi. Ila ilikaa ukutani, kwenye msumari, kama kofia ya marehemu babu. Ikifungwa, madawati arobaini ya siku yanakuwa thelathini, na hesabu ya siku ilikuwa arobaini. Kwa hiyo msumeno ulivaa kinga siku ya mkaguzi tu, kama mtoto anavyovishwa viatu wageni wakija. Gari la mkaguzi likipinda kona, kinga inarudi msumarini.

Na Siku Ngapi ndiye aliyekuwa akiifunga na kuifungua, kwa sababu msumeno ulikuwa wake. Miaka kumi na moja alisimama mbele yake. Aliujua mlio wake ulivyobadilika mbao ikiwa mbichi, alijua ukiwa na njaa ya mafuta, na alijivunia kuupasulia mstari ulionyooka bila kupima mara mbili. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za bati.

Basi siku zikaenda. Hamsini, mia, mia mbili. Si kwamba watu hawakuumia. Waliumia, ila kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: jeraha linaloweza kutoka getini kwa miguu yake siyo ajali. Msumari mguuni, kimya. Nyundo kwenye kucha, unaruka ruka nyuma ya ghala, unarudi unacheka. Daftari la ajali lilikaa kabatini, safi kama daftari la mwanafunzi mtoro. Ufunguo alikuwa nao Msasa, dada wa kulainisha mbao, aliyepewa kazi ya huduma ya kwanza kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuzimia siku ya vidole vya fundi wa gundi.

Siku ya mia mbili tisini na moja, saa nne kasoro, Siku Ngapi alikuwa anasukuma mbao yenye fundo. Aliliona fundo. Aliwahi kupita mafundo mengi. Hili msumeno ulilibana, ukalia mlio ambao hakuujua, na mbao ikarudi nyuma kama teke la punda. Alipoangalia, kipande kilikuwa kimeingia chini ya dole gumba la mkono wa kulia na ncha yake ikachungulia upande wa pili.

Mpanga mbao alikimbia kuzima swichi. Watu wanane walisogea. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe: hawakuutazama mkono. Waliutazama kwanza ubao.

"Ni kibanzi tu," Siku Ngapi alisema. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Kibanzi?" Msasa alishamshika kifundo cha mkono. "Kaka, hicho ni mguu wa dawati."

Mtu mmoja akacheka, akajuta.

Msasa alikivuta, akafunga kwa bendeji, akamwaga dawa yote iliyobaki kwenye chupa. Kisha akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. "Nalileta daftari."

"Liache."

"Niliache vipi?"

"Dada, ukiandika humo tunarudi sifuri. Watu thelathini na wawili wamengoja karibu miezi kumi. Zimebaki siku tisa."

"Na mkono?"

"Mkono ni wangu. Unga ni wa watu."

Hakuna aliyesema ficha. Hilo likae wazi, maana baadaye litakuja kuulizwa. Meneja hakuwepo, alikuwa ofisini anaangalia mambo. Wale wanane hawakufungua kinywa. Walisimama tu pale, kila mmoja na mfuko wake wa kilo ishirini na tano kichwani, na Siku Ngapi akawaona wote, akaamua kuwa mwanamume.

Zahanati, muuguzi alimuuliza, "Umeumia wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa napasua kuni."

Muuguzi alikuwa ametoa kibanzi kingine kilichobaki ndani, cha urefu wa kijiti cha kiberiti. Akakigeuza kwenye mwanga. Upande mmoja kilikuwa laini, kimenyooka.

"Kuni za kwenu zinapigwa randa?"

Siku Ngapi akatazama dari. Muuguzi alikuwa na watu arobaini kwenye benchi. Akaandika *kuni*, akamdunga sindano, akampa vidonge, akamwambia asiloweshe kidonda, asifanye kazi, arudi kila siku kusafishwa.

Alirudi mara moja tu. Kurudi kila siku maana yake ruhusa, na ruhusa maana yake maswali. Alivaa glovu kubwa ya ngozi juu ya bendeji na akaendelea kusukuma mbao, unga wa mbao ukiingia kwenye kifundo na kutulia humo kwenye unyevu kama umepangishwa chumba.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, sare za shule, cherehani dirishani kupata mwanga. Alinusa ile glovu siku ya nne.

"Baba watoto, vua."

"Wiki hii tu."

"Umeambia watu ulipasua kuni. Nyumba hii tunapikia mkaa tangu unioe. Hata panya wa humu ndani wanajua."

"Siku tano zimebaki."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nani anakufa? Ni mkono."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Hilo ni gonjwa nalo, na dawa yake haipo zahanati.

Siku ya mia tatu ilifika. Meneja alivaa tai. Mifuko ilipangwa mbele ya ubao, mpiga picha akaitwa. Siku Ngapi aliandika namba kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umejaa ndani ya glovu kama mkate ndani ya kopo. Sifuri zake zilikuwa zimepinda kama zimegongwa na gari. Watu walipiga makofi. Ilipofika zamu ya kubeba mifuko, yeye hakuweza, na Msasa akamsukumia wake kwenye toroli hadi getini bila kumtazama usoni.

Siku mbili baadaye aliamka hajui mke wake ni nani. Vidole vilikuwa vyeusi, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda mpaka kwapani. Hospitali kubwa daktari hakuzunguka: mkono, au mtu. Mke ndiye aliyeweka sahihi. Wakaukata chini kidogo ya kiwiko.

Alipopata akili, kitu cha kwanza alichofanya ni kutaka kujikuna kiganja. Alikitafuta kwenye shuka kwa muda. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Kiwanda kilileta barua, imepigwa chapa vizuri. Kilimpa pole kwa *ajali iliyompata nyumbani kwake*, na kikamtaarifu kwamba kwa vile hawezi tena kazi ya msumeno, ajira yake imefika mwisho. Mke alimsomea mara mbili. Mara ya pili akasimama kwenye neno *nyumbani*, akapeleka macho polepole chumba kizima, cherehani, kitanda, ndoo, kama anatafuta ni kipi kati ya hivyo kilichomkata mumewe.

Sasa hesabu ilikuwa rahisi hata kwa aliyekimbia shule. Fundi wa msumeno bila mkono wa kulia hana kazi. Kama mkono ulipotea kazini, kuna fidia: malipo kila mwezi, matibabu, pengine hata mkono wa bandia. Kama ulipotea nyumbani, ni bahati mbaya, na bahati mbaya haina dirisha la malipo.

Ofisi ya fidia ilikuwa ghorofani, ngazi zisizo na mahali pa kushika. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alipanga karatasi tatu mezani kama mtu anayegawa karata.

"Taarifa ya mwajiri, hakuna. Daftari la ajali, siku hiyo ni jeupe. Kadi ya zahanati, ulikuwa unapasua kuni." Akavua miwani. "Kwa makaratasi haya, baba, mkono wako haujawahi kufika kazini."

"Ulifika. Miaka kumi na moja."

"Mimi nakuamini. Faili haliamini mtu. Niletee aliyeona. Mmoja tu, anayekubali jina lake liandikwe. Una wiki mbili."

Walioona walikuwa wanane. Mmoja tu anakosekana vipi?

Alianza kwa mpanga mbao.

"Kaka, pole sana. Lakini mimi siku ile nilikuwa chooni."

"Wewe ndiye uliyezima swichi."

"Basi nilizima, nikaenda chooni."

Wa pili alimtuma mtoto mlangoni kusema baba hayupo, na mtoto akarudi ndani kuuliza, "Baba, niseme umeenda wapi?" Wa tatu alimkaribisha, akamlisha, akalia machozi kabisa, kisha akamwambia ana watoto watano. Siku ya sita akafika kwa fundi wa gundi, akiwa na tumaini. Huyu ana vidole vinane. Huyu ataelewa.

Fundi wa gundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi niliandikwa," alisema. "Ndiyo maana nililipwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukituzuia tusiandikwe."

"Mimi?"

"Yule mpaka rangi wetu aliporukiwa na dawa machoni, nani alimwambia anawe maji akae kimya? Siku ya mia moja na themanini ngapi sijui. Ulimpigapiga begani ukamwambia usituangushe." Akainuka kufunga chupa. "Jicho lake la kushoto mpaka leo linaona moshi. Umewahi kumuuliza?"

Hakuwahi. Alikuwa hata amesahau. Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakufikiria mkono.

Kwa Msasa hakwenda. Msasa mwenyewe ndiye aliyemfuata, Jumapili mchana, amefunga kilemba, amekaa kwenye mfuko wa vitambaa kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo shemeji," alimwamkia mke. Kisha kwa mwenye nyumba: "Umezunguka mji mzima kama anayetafuta mbuzi. Kwangu hujabisha hodi. Nimekukosea nini?"

"Mkataba wako ni wa miezi mitatu mitatu, dada. Wataukata."

"Na mkono wako ulikuwa wa miezi mingapi?"

Hakuwa na jibu. Ilikuwa mara ya kwanza, na mke wake alisimamisha cherehani ili kuisikia vizuri.

Habari husafiri haraka kuliko lori. Jumatano Tutaangalia mwenyewe alikuja, akaegesha gari mbele ya mlango hadi chumba kikawa giza, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alileta karatasi mbili. Moja, kazi ya getini: kufungua, kufunga, kuandika namba za magari. Ya pili, kwamba Siku Ngapi anaondoa madai yake yote.

"Geti linahitaji mkono mmoja tu," alisema, na kwa kweli hakuwa anatania. "Wewe ni mtu wetu. Ulitufikisha mia tatu."

Siku Ngapi alizitazama zile karatasi muda mrefu. Sio siri kwamba alitaka. Mshahara unaojulikana, kesho asubuhi, kuliko faili la ghorofani lisilomwamini mtu. Angeweza kumalizia maisha kwenye kiti cha plastiki akisalimia malori. Lakini Msasa alishaandika jina lake kwenye maelezo ya ushahidi. Akisaini hapa, yule anabaki peke yake huko, mwongo aliyejitolea.

Mke ndiye aliyeuliza, bila kuacha kushona. "Bwana meneja, hii kazi ya getini ni ya muda gani? Naona hapa hapajaandikwa."

"Tutaangalia," alisema meneja.

Mke akakata uzi kwa meno. Siku Ngapi akazisukuma karatasi zote mbili, kwa mkono uliobaki, hadi zikagusa goti la mgeni.

Siku ya kusikilizwa, meneja alikaa upande wa dirisha, Msasa upande wa mlango. Msasa alisema yote: saa, fundo, mlio, kinga ilikokuwa imetundikwa.

"Ufunguo wa daftari ulikuwa na nani?" afisa akauliza.

"Mimi."

"Mbona hukuandika?"

Msasa, ambaye hakuwahi kukosa utani, alitazama mikono yake iliyochubuliwa na msasa. "Nilitaka unga, mama."

Meneja akainua kidole. "Naomba iandikwe kwamba hakuna aliyeamriwa kuficha. Huyu bwana alidanganya zahanati, akadanganya kiwanda. Leo tumwamini kwa lipi?"

Afisa akamgeukia Siku Ngapi. "Nani alikukataza kuandikwa?"

Lango lilikuwa wazi. Angesema tu *meneja*, na Msasa alikuwa anamtazama kwa macho ya sema, sema. Ubao ni wa meneja, unga ni wa meneja, na kinga msumarini ni amri ya meneja.

"Hakuna," alisema. "Nilijikataza mwenyewe. Na niliwakataza wengine. Yupo mpaka rangi, jicho la kushoto. Namwomba naye aitwe, aandikwe. Kama kwa hilo natakiwa kukosa, basi nikose."

Meneja alianza kukusanya kalamu zake.

"Kaa chini, bwana," afisa alimwambia meneja. Akavaa miwani, akavuta faili. "Mimi hapa sipimi uongo wa mtu. Napima mkono ulipotelea wapi. Msumeno wa nani? Wa kiwanda. Saa ya nani? Ya kiwanda. Kinga ilikuwa wapi? Ukutani." Akaandika polepole, akiyasoma maneno kadiri yalivyotoka: "A-ja-li ya ka-zi-ni."

Hakukuwa na makofi. Alieleza kwamba malipo yatachelewa, mwajiri ana haki ya kukata rufaa, na kwamba kwa kuchelewa kutibiwa huenda kiwango kikapunguzwa. Miezi sita, labda minane. Mkono wa bandia ni maombi mengine, fomu nyingine, ghorofa nyingine.

Meneja alipopita mlangoni, alisimama mbele ya Msasa. "Mkataba wako uliisha Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa kazini hadi jioni. Na Jumamosi."

"Tulikuwa tunakuvumilia." Akashuka ngazi.

Msasa alibaki amesimama, mkoba ukiwa kifuani.

"Baba, bado sahihi," afisa aliita.

"Siwezi kuandika kwa huu."

"Basi alama." Akasogeza kidau cha wino na fomu. Palikuwa na kisanduku cheupe chini, na juu yake pamechapwa: *Dole gumba la mkono wa kulia.*

Siku Ngapi alilisoma. Afisa naye alilisoma, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akachukua rula, akakata neno *kulia* kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake *kushoto*, akaweka sahihi ndogo pembeni kuthibitisha masahihisho.

Karatasi ilikuwa nyepesi, na kila alipogusa iliteleza mezani. Mkono wa kuishikilia haukuwepo. Msasa akarudi kutoka mlangoni, akaibana kwa viganja vyake viwili.

"Bonyeza vizuri, kaka," alisema. "Lisije likasemwa ni langu."

Akabonyeza.